Mkimbiaji Aulizwe Kwanza, Mate Yapimwe Baadaye

Katika nyanda za juu za Arusha, Karatu na Mbulu, kama ilivyo katika mji wa Iten nchini Kenya ulio mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mkimbiaji wa mbio ndefu huamka kabla ya jua. Ifikapo saa kumi na mbili asubuhi kundi lake limekwisha kukusanyika barabarani, na jua linapopanda juu ya vilima wao huwa wamekwisha kumaliza kilomita kadhaa. Kwa muda mrefu walimu wa riadha wameshughulishwa na yale anayoyafanya mkimbiaji akiwa barabarani. Sasa wapo wataalamu wanaotaka kujua zaidi juu ya ile nusu saa inayotangulia, mkimbiaji akiwa bado kitandani, kwa kuwa wanaamini kwamba katika mate ya kinywa chake wakati huo imo habari ya uchovu wake, hofu yake na utayari wake kwa mashindano.

Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Ina msingi katika utafiti wa miaka karibu thelathini, na katika nchi zenye fedha nyingi za michezo wanamichezo wa ngazi ya juu wamekwisha kuzoea kutema mate katika vichupa kila waamkapo wanapofanyiwa uchunguzi. Vifaa vya kupimia homoni kwa mate huuzwa hata kwa watu binafsi. Haielekei kwamba kambi za timu za hapa Afrika ya Mashariki zitabaki nje ya mtindo huo kwa muda mrefu. Kwa hiyo yafaa ijulikane mapema kichupa hicho kinaweza kusema nini, na kinasingiziwa kusema nini.

Homoni inayotafutwa ni kotisoli. Hutengenezwa katika ganda la nje la tezi za adrenali, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo mfano wa kofia. Tezi hizi hazijiamulii mambo. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa kemikali inayoichochea tezi ya pituitari iliyo chini yake. Pituitari nayo hutia katika damu homoni nyingine inayozishurutisha adrenali zifanye kazi. Na kotisoli ikishakuwa ya kutosha hurudi na kuuzuia ubongo usiendelee kutoa amri. Ni kama mwenye nyumba anayemtuma mtu kisimani na kumwambia aache pindi mtungi ujaapo.

Watu wengi huiita kotisoli homoni ya dhiki. Jina hilo limeleta upotofu mwingi. Kotisoli huliamuru ini litengeneze sukari, hufungua akiba ya mwili ili misuli ipate nishati, na huzuia uvimbe usizidi kiasi. Ni kweli kwamba ikizidi kwa muda mrefu humega protini za misuli na kudhoofisha kinga ya mwili. Lakini mtu mwenye furaha kuliko wote duniani anayo, na akiikosa kabisa bila kutibiwa hufa. Mkimbiaji hapaswi kuiogopa. Anachopaswa kuogopa ni watu wanaoisoma vibaya.

Wingi wake katika damu hufuata mwendo wa usiku na mchana. Huwa chini kabisa karibu na saa sita usiku, huanza kupanda katika saa za mwisho za usiku, hufika kileleni asubuhi, kisha hushuka polepole mpaka usiku unaofuata. Nao mwendo huu si wa mstari laini. Adrenali hutoa kotisoli kwa vipindi, takriban kila baada ya saa moja au saa moja na nusu, kama mawimbi yanayokuja juu ya maji yanayojaa.

Mwaka 1997 Jens Pruessner na wenzake, wengi wao wakiwa wa Chuo Kikuu cha Trier nchini Ujerumani, walitangaza kwamba juu ya mwendo huo wa kila siku kuna jambo jingine la pekee: katika nusu saa ya kwanza baada ya mtu kufumbua macho, kotisoli iliyomo katika mate yake hupanda kwa nusu au zaidi ya kiasi alichoamka nacho. Mpando huo uliitwa mwitikio wa kuamka. Ulikuwa ugunduzi wa kuvutia kwa sababu mbili. Kwanza, mate hupatikana bila sindano wala daktari. Mtu anaweza kuyakusanya mwenyewe nyumbani. Pili, sehemu kubwa ya kotisoli iliyomo katika damu imeshikwa na protini na haifanyi kazi, ila sehemu ndogo iliyo huru ndiyo ipenyayo mpaka katika mate. Kuyapima mate, basi, ni kupima ile homoni inayotenda kazi.

Baadaye ikaonekana kwamba mpando huo haufanani siku zote. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2004 nchini Uingereza na Ujerumani zilionyesha kuwa watu huwa na mpando mkubwa zaidi siku za kazi kuliko siku za mapumziko. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ubongo, hata kabla mtu hajashuka kitandani, huipima siku iliyo mbele yake na kuuandaa mwili kwa mzigo unaoujia. Ni dhana nzuri, na yawezekana ina ukweli ndani yake. Lakini ni hapo pia ambapo sayansi ya michezo ilianza kutarajia mno. Ikiwa karani anayekwenda ofisini Jumatatu hupandisha kotisoli, walisema wengi, basi mwanamichezo anayeamka siku ya fainali hana budi kupandisha maradufu. Na asiyepandisha hayuko tayari.

Wapiga makasia wa Uingereza hawakuitii hesabu hiyo. MacDonald na Wetherell walichapisha mwaka 2019 matokeo ya kulichunguza kundi dogo la wapiga makasia wa ngazi ya juu katika mazoezi na katika mashindano. Katika mashindano, mwitikio wa kuamka ulififia badala ya kupanda. Kundi lilikuwa dogo, na si haki kujenga kanuni ya dunia nzima juu ya watu wachache. Lakini kundi dogo latosha kuonyesha kwamba kanuni iliyodhaniwa kuwa dhahiri si dhahiri.

Kwa kweli dalili za utata huo zilikuwapo tangu zamani. Mwaka 2009 Chida na Steptoe wa London walikusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi za watu wa kawaida. Walikuta kwamba shinikizo la kazi na taabu za maisha huambatana na mpando mkubwa wa asubuhi, hali uchovu wa muda mrefu na kuchakaa kwa roho na mwili huambatana na mpando mdogo. Msomaji na aitazame habari hii kwa macho ya mwalimu wa riadha. Mkimbiaji mwenye mpando mkubwa yawezekana ana wasiwasi, au yawezekana mwili wake umejiandaa vizuri kwa siku ngumu. Mwenye mpando mdogo yawezekana ametulia, au yawezekana amechoka kupita kiasi. Na yule aliye na wasiwasi na uchovu kwa pamoja, ambaye ndiye mwenye kuhitaji msaada kuliko wote, huenda nguvu hizo mbili zikavutana ndani yake hata namba yake ikatoka ya wastani kabisa. Mwalimu atamwambia kwamba hana tatizo.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 jambo lenyewe la kuwapo kwa mwitikio huo lilitiliwa shaka. Watafiti wa Bristol nchini Uingereza, akiwamo Stafford Lightman ambaye ameishughulikia homoni hii kwa miaka mingi, walitumia kifaa chenye mrija mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi ya tumbo, kikakusanya majimaji ya mwili kidogo kidogo usiku na mchana, mtu akiwa nyumbani kwake, bila kumwamsha. Kwa njia hiyo waliweza kuona yaliyokuwa yakitendeka kabla ya macho kufumbuliwa, jambo ambalo mate hayawezi kulionyesha, kwani mtu aliyelala hatemi mate katika kichupa. Katika watu 201 wenye afya waliowachunguza, hawakuona ushahidi kwamba kasi ya kupanda kwa kotisoli huongezeka mtu anapoamka. Kotisoli ilikuwa inapanda kabla ya kuamka, ikaendelea kupanda baada ya kuamka. Tena tofauti kati ya mtu na mtu zilikuwa kubwa mno.

Si wataalamu wote waliokubali. Wapo wanaoshikilia kwamba kuamka kwenyewe huongeza kitu juu ya mwendo wa usiku, na kwamba majimaji ya chini ya ngozi si sawa na damu wala mate. Wana hoja zao, na mjadala haujafungwa. Lakini jambo moja halihitaji kungoja mwisho wa mjadala. Ikiwa kotisoli iko katika kupanda mtu anapofumbua macho, basi kiasi cha mpando kitakachoonekana katika nusu saa inayofuata hutegemea amekatizwa usingizi katika sehemu gani ya mlima huo. Aliyeamshwa mapema mno yuko chini ya mlima. Aliyelala mpaka saa moja na nusu amekaribia kilele. Mkimbiaji yuleyule, mwenye afya ileile, huweza kutoa namba mbili zilizo mbali kwa sababu tu siku moja aliamshwa na kengele na siku ya pili aliachwa alale.

Hapo maabara inakutana na maisha ya kambi, na hapo makosa mengi huzaliwa. Mwongozo wa wataalamu uliochapishwa mwaka 2016 chini ya uongozi wa Tobias Stalder umeagiza kwamba mate ya kwanza yakusanywe papo hapo mtu anapofumbua macho, kisha baada ya dakika 30, kisha baada ya dakika 45; kwamba saa ya kuamka na saa ya kutema mate zithibitishwe kwa chombo, wala si kwa maneno ya mhusika peke yake; na kwamba katika muda huo asile na asipige mswaki. Kula huipandisha homoni, na ufizi unaotoka damu huyachafua mate. Mwongozo unasisitiza hivyo kwa sababu kuchelewa kwa dakika chache tu hutosha kuharibu kipimo. Mate yanayoitwa ya kuamkia, yakikusanywa baada ya dakika 20, tayari yamebeba sehemu kubwa ya mpando. Hivyo tofauti kati yake na mate ya baadaye inaonekana ndogo.

Sasa na ifikiriwe kambi yenye vijana ishirini na wawili na mtaalamu mmoja mwenye kisanduku cha vichupa. Vijana wanalala wanne wanne chumbani. Mmoja aliamka saa kumi na robo kwenda msalani, akarudi, akalala kidogo. Wa pili aliamka saa kumi na moja kasorobo kwa sala ya alfajiri, akajilaza tena mpaka filimbi ilipopigwa. Wa tatu hakupata usingizi tangu saa tisa kwa kuwaza ada ya shule ya mdogo wake. Wa nne alilala fofofo mpaka akatikiswa bega. Saa kumi na moja na nusu mtaalamu anapita na vichupa, na wote wanne wanaandikwa kuwa wameamka saa kumi na moja na nusu. Kutokana na mate hayo yatatoka maandishi yenye tarakimu mbili baada ya nukta, nayo yatawekwa mbele ya kamati ya uteuzi. Ni yule wa nne peke yake ambaye namba yake ina maana yoyote. Watatu waliosalia watasemwa kuwa na mwitikio hafifu, na mtu mwenye haraka atalitafsiri neno hilo kuwa wamekwisha nguvu.

Mwezi wa Ramadhani huzidisha ugumu huo. Mchezaji wa Unguja au Mombasa anayeamka kula daku, akarudi kulala, akaamka tena, amebadili saa za usingizi, saa za chakula na saa za mwanga kwa pamoja. Mwanga nao una neno lake: watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 1999 kwamba mtu anayeamka katika mwanga mkali huwa na kotisoli nyingi zaidi asubuhi kuliko anayebaki gizani. Vipimo vingi vinavyotumiwa kama kigezo vimetoka kwa watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, wengi wao wanafunzi wa vyuo vikuu. Kuwalinganisha nao mkimbiaji wa Mbulu anayeamka gizani mwaka mzima ni sawa na kumpima mtu urefu kwa kamba ya mwenzake.

Yapo mambo mengine ambayo hayana uhusiano na mashindano, nayo huichezea homoni hii. Homa na maambukizo huipandisha, na katika nchi yenye malaria jambo hilo si dogo. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongezeka ile protini inayoishika kotisoli katika damu. Akipimwa damu badala ya mate, jumla ya kotisoli yake huonekana kubwa hali iliyo huru haijazidi. Mwalimu asiyejua hayo atamwona binti huyo kuwa ana dhiki kubwa, naye binti huenda hatathubutu kumweleza mwalimu mwanamume kwamba anatumia vidonge.

Zaidi ya hayo yote kuna chakula. Mkimbiaji anayekimbia kilomita mia na zaidi kwa juma huhitaji chakula kingi, na akikosa, mwili wake huanza kubana matumizi: homoni za uzazi hushuka, mifupa hudhoofika, wasichana hukosa siku zao, na kotisoli hutoka katika utaratibu wake. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa taarifa maalumu juu ya upungufu huu wa nishati mwaka 2014, ikaisahihisha mwaka 2018 na tena mwaka 2023. Shida ni kwamba mwanamichezo mwenye njaa na mwanamichezo aliyezidishiwa mazoezi hufanana sana. Wote wawili huchoka, wote hulala vibaya, wote hukimbia polepole kuliko jana. Tiba zao ni mbali mbali: mmoja anahitaji mapumziko, mwingine anahitaji sahani ya pili. Homoni ya asubuhi haiwezi kuwatenganisha. Swali la aina moja tu laweza, nalo ni kumuuliza jana amekula nini, saa ngapi, na kama alishiba.

Wenye kupenda vipimo watasema kwamba hizi ni hitilafu za mwanzo ambazo maabara itazirekebisha. Historia haiungi mkono tumaini hilo. Mwaka 1986 Adlercreutz na wenzake nchini Finland walipendekeza kwamba uwiano kati ya testosteroni na kotisoli utumiwe kutambua mwanamichezo aliyezidiwa na mazoezi. Ukishuka kwa asilimia 30 au zaidi, ilisemwa, mwili unajila wenyewe. Pendekezo hilo lilienea haraka katika vyuo vya michezo. Baadaye ilionekana kwamba uwiano huo huonyesha zaidi ukali wa mazoezi ya siku zile kuliko ugonjwa wenyewe, na kwamba wanamichezo waliokuwa wazima kabisa waliweza kuvuka mpaka ule. Taarifa ya pamoja ya vyama vya sayansi ya michezo vya Ulaya na Marekani, iliyotolewa mwaka 2013 chini ya Romain Meeusen, ilikiri kwamba hakuna kipimo kimoja kinachotosha kuthibitisha ugonjwa wa kuzidisha mazoezi. Daktari hana budi kwanza kuondoa magonjwa mengine moja moja, kisha atazame kama uwezo wa mwanamichezo umeshuka na kubaki chini hata baada ya mapumziko marefu.

Utafiti unaostahili kujulikana kwa walimu wote wa michezo ni ule wa Anna Saw na wenzake wa Australia. Walikusanya tafiti 56 zilizowapima wanamichezo kwa njia mbili kwa wakati mmoja: kwa vipimo vya maabara na vya mwili, zikiwamo homoni, na kwa kuwauliza wenyewe hali zao, yaani usingizi, uchovu, moyo na hamu ya mazoezi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016. Majibu ya wanamichezo yalifuata mabadiliko ya mzigo wa mazoezi kwa uaminifu na wepesi kuliko vipimo vya damu na mate. Karatasi yenye maswali machache ilikuwa shahidi bora kuliko maabara. Ajabu ni kwamba habari hii, ambayo ingepaswa kuzifurahisha nchi zisizo na fedha, haijapata umaarufu hata robo ya ule wa vichupa. Labda ni kwa sababu hakuna kampuni inayoweza kuuza swali.

Hata hivyo kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo si haki kuipita kimya, nayo ni ya walimu wenyewe. Husema kwamba mate hayadanganyi, bali mkimbiaji hudanganya. Ni kweli. Kijana aliyetoka kijijini, anayejua kwamba nafasi moja katika timu yaweza kubadili maisha ya watu kumi nyumbani, akiulizwa asubuhi kama amelala vizuri atajibu kwamba amelala vizuri sana, Mwalimu. Ataficha maumivu ya mguu mpaka mguu uvunjike. Kwa mwalimu mwenye nia njema, kichupa kinaonekana kama njia ya kuuzunguka uongo huo na kumwokoa kijana na ushupavu wake mwenyewe.

Lakini uongo huo una chanzo, na chanzo chake si kinywa cha kijana. Mkimbiaji hudanganya mahali ambapo ukweli una adhabu. Alipomwona mwenzake akisema "nimechoka" na jina la mwenzake likakatwa jioni ileile, alijifunza. Kumpima mate hakuondoi adhabu hiyo, huihamisha tu. Jana aliadhibiwa kwa alichosema, leo ataadhibiwa kwa kilichomo kinywani mwake bila yeye kujua, na hana namna ya kujitetea, kwani nani awezaye kubishana na tarakimu? Ushuhuda wa mdomo, hata ukiwa wa uongo, waweza kuhojiwa. Mwalimu mzoefu huuliza mara ya pili, hutazama uso, humwona kijana akiacha ugali sahanini, hulinganisha na siku ya jana. Mate hayahojiki. Kama yalikusanywa dakika 20 baada ya wakati wake, hayatasema.

Dawa ya kinywa kinachoogopa ni kukiondolea hofu. Kambi yaweza kuweka sharti kwamba majibu ya asubuhi husomwa na mwalimu na daktari peke yao, na kwamba hayaingii kamwe katika faili ya uteuzi. Yaweza kuonyesha kwa vitendo, hata kwa msimu mmoja tu, kwamba aliyesema amechoka alipewa siku mbili za kupumzika na jina lake likabaki. Baada ya hapo vijana wataanza kusema kweli, si kwa sababu wamefundishwa uadilifu bali kwa sababu ukweli umewafaa. Na ikiwa siku moja mate yatapimwa, sharti hilo hilo liyahusu: majibu ni mali ya mkimbiaji na daktari wake. Mchaguzi wa timu hana haja nayo. Alphonce Simbu aliposhinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia mjini Tokyo mwezi Septemba 2025, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde baada ya zaidi ya kilomita 42. Hakuna homoni ya asubuhi ile ambayo ingemwambia mchaguzi yeyote nani kati yao atangulie.

Haya hayana maana kwamba kotisoli isipimwe. Katika tiba kipimo cha asubuhi kina kazi ya wazi na ya lazima. Mtu ambaye adrenali zake zimeharibika hugunduliwa kwa njia hiyo. Hali kadhalika mtu aliyetumia kwa muda mrefu dawa za jamii ya prednisoloni au deksamethasoni: dawa hizo huzifanya tezi zake zilale, na akiziacha ghafla anaweza kupatwa na udhaifu wa kutisha. Mwanamichezo aliyekuwa akidungwa au kumeza dawa hizo ana sababu mbili za kumweleza daktari, kwani baadhi ya njia za kuzitumia zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, na tangu mwaka 2022 marufuku hiyo inazihusu sindano zake zote. Katika mambo kama hayo daktari ndiye anayeagiza kipimo, anajua anatafuta ugonjwa gani, na mgonjwa anajua kwa nini anapimwa.

Watafiti wa vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki nao wana nafasi ambayo wenzao wa Bristol na Trier hawana. Wanaishi karibu na wakimbiaji bora wa dunia, katika nchi ambayo jua huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima, hivyo sababu moja kubwa ya kuchanganyikiwa imeondolewa na maumbile. Utafiti wenye manufaa ungewafuata wakimbiaji walewale kwa msimu mzima, kila mmoja akilinganishwa na nafsi yake mwenyewe na si na mwanafunzi wa Ulaya, ungeandika saa ya kulala na ya kuamka kwa chombo kinachovaliwa mkononi, ungehesabu chakula, ungewapima malaria, na ungeyaweka majibu yao ya mdomo karibu na mate yao ili ionekane ni kipi kilichotangulia kutambua kwamba mkimbiaji anaelekea kuumia. Wakimbiaji wangekubali kwa hiari, wakijua kwamba wanaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza nafasi zao. Kazi hiyo yahitaji jokofu lisilozimika umeme unapokatika, vichupa, na watu wawili walio tayari kulala kambini na kuamka saa kumi alfajiri.

Mpaka kazi hiyo itakapofanyika, mwalimu wa timu aliyeombwa achague kati ya kununua kisanduku cha vichupa na kununua madaftari ishirini na mawili anunue madaftari, na fedha inayobaki aiongeze katika chakula cha asubuhi.